Kutoka, kupita, kubaki: umsimulie mwanadiplomasia yupi kwa kipindi kimoja?

Januari 27, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kuwakumbuka waliouawa katika Maangamizi ya Wayahudi, ikikaribia, walimu wenzangu wa historia huanza kuniuliza swali lile lile: "Nina dakika 40 tu. Nimsimulie nani?" Wanajua kwamba Wayahudi milioni sita ni idadi ambayo mwanafunzi huiandika daftarini akaisahau kabla kengele ya chakula haijalia. Mtu mmoja aliyekaa mezani na kalamu, huku foleni imezunguka jengo, huyo hasahauliki. Foleni ya viza watoto wetu wanaijua. Kama hawajapanga wao, shangazi yao amepanga.

Wanadiplomasia walioitumia kalamu hiyo kuokoa Wayahudi ni wengi. Taasisi ya Yad Vashem mjini Jerusalem imewatambua makumi yao kwa heshima ya Mwenye Haki Miongoni mwa Mataifa. Mwaka mmoja nilijaribu kuwabana wote ndani ya kipindi kimoja: ubao ukajaa majina, darasa likasinzia. Siku hizi huchagua mmoja, au wawili wanaotofautiana vizuri, nikawaacha wengine wasubiri mwaka mwingine.

Hapa nawalinganisha sita: Ho Feng-Shan wa Uchina aliyekuwa Vienna, Chiune Sugihara wa Japani aliyekuwa Kaunas, Aristides de Sousa Mendes wa Ureno aliyekuwa Bordeaux, Carl Lutz wa Uswisi na Raoul Wallenberg wa Uswidi waliokutana Budapest, na Selahattin Ülkümen wa Uturuki aliyekuwa kisiwani Rhodes. Sitajifanya sina ninayempendelea.

Idadi itakupoteza

Wengi huanza kwa kuuliza nani aliokoa watu wengi zaidi, kana kwamba tunasoma msimamo wa ligi. Utakuta Sugihara kapewa 6,000, Sousa Mendes 30,000, Lutz 62,000 na Wallenberg 100,000. Ukiwapanga hivyo Wallenberg ni bingwa na Ülkümen kashuka daraja. Shida ni kwamba kila tarakimu hapo inahesabu kitu chake.

Orodha ambayo Sugihara mwenyewe aliipeleka Tokyo ina majina zaidi ya 2,100. Viza moja iliweza kubeba mke na watoto, ndiyo maana watu huizidisha, ila pia si kila aliyepata viza alifanikiwa kuondoka. Zile 30,000 za Sousa Mendes ni makadirio ya viza, na waliozipokea hawakuwa Wayahudi peke yao. Daftari la ofisi yake ya Bordeaux lina viza chini ya 3,000 kuanzia Januari hadi Juni 22, 1940, ingawa humo hazimo alizotoa Bayonne na mpakani. Budapest ndiko hesabu inakovurugika kabisa, kwa kuwa mtu mmoja aliweza kuwa na barua ya ulinzi ya Uswisi mfuko wa kulia na ya Uswidi mfuko wa kushoto. Ile 100,000 ya Wallenberg inajumlisha karibu kila Myahudi aliyekutwa hai mjini humo jeshi la Urusi ya Kisovieti lilipoingia, wakiwemo makumi ya maelfu wa ghetto kubwa, mtaa walimofungiwa Wayahudi, ambao waliponea katika mikono ya watu wengi.

Kwa hiyo tarakimu ukiiandika ubaoni, andika kando yake inahesabu nini: viza, majina, familia, au watu waliomaliza vita wakiwa hai. Ukishindwa kujaza hilo neno, ifute.

Karatasi tatu

Kipimo kinachonisaidia mimi ni kingine. Nauliza: ile karatasi ilikuwa ya kufanyia nini? Mwaka 1938 Myahudi wa Vienna alihitaji karatasi ya kutokea. Mwaka 1940 mkimbizi wa Kaunas au Bordeaux alihitaji karatasi ya kupitia. Mwaka 1944 Myahudi wa Budapest au Rhodes hakuwa na pa kwenda tena, akahitaji karatasi ya kumwezesha kubaki hai hapo hapo alipo. Ukiwapanga wale sita kwa mtindo huu unapata na historia ya vita yenyewe: mlango uliokuwa wazi nusu, ukabaki ufa, ukafungwa.

Anza na mlango wa nusu. Machi 1938 Ujerumani iliimeza Austria. Wakati huo Wanazi walikuwa bado wanawafukuza Wayahudi baada ya kuwanyang'anya mali. Mpango wa kuwaua wote ulikuja baadaye. Lakini mtu hufukuzwa aende wapi? Julai mwaka huo nchi 32 zilikutana Evian, Ufaransa, kuzungumzia wakimbizi hao. Karibu zote zilitoa pole, na karibu zote zikasema nafasi hakuna. Ho Feng-Shan, balozi mdogo mkuu wa Uchina mjini Vienna, akaanza kutoa viza za Shanghai kwa kila aliyeomba.

Hapa mwanafunzi makini atanyoosha mkono, na ikitokea hivyo ujue kipindi kimekwenda vizuri. Bandari ya Shanghai wakati ule haikuwa inadai viza. Mtu angeweza kushuka melini bila kuulizwa kitu. Sasa viza ya nini? Jibu ni kwamba karatasi ile haikukusudiwa kuonyeshwa Shanghai. Ilikusudiwa kuonyeshwa Vienna. Wanazi hawakumruhusu Myahudi kuondoka, wala hawakumtoa katika kambi ya mateso ya Dachau, mpaka aonyeshe ushahidi kwamba iko nchi inayompokea. Viza ya Ho ilikuwa ushahidi huo, na waliokuwa nayo hawakuishia wote Shanghai. Baadhi walipata njia ya kwenda kwingine. Bosi wake, balozi wa Uchina mjini Berlin, alimwamuru aache kwa kuwa hakutaka kuwaudhi Wajerumani. Hakuacha. Wanazi walipolichukua jengo la ofisi kwa sababu mwenye nyumba alikuwa Myahudi, na serikali yake ikakataa kumpa fedha za jengo jingine, alikodi chumba kidogo kwa fedha zake mwenyewe na kuendelea.

Ho hakujitangaza maishani mwake. Alifariki San Francisco mwaka 1997, na Yad Vashem ikamtambua mwaka 2000. Simulizi yake ni fupi na safi, ila ina upungufu mmoja kwa mwalimu: tukio moja la kushika pumzi halipo. Ni kazi ya kila siku, miezi na miezi. Mimi humtumia Ho kama dibaji ya dakika tano, kwa ajili ya lile swali la viza isiyohitajika.

Sugihara na Sousa Mendes: majira yale yale, ukaidi tofauti

Hawa wawili ndio ninaowapenda kuwaweka pamoja, maana wanafanana mpaka mwanafunzi anadhani ni habari moja. Wote walikuwa wawakilishi wa nchi zisizopigana na Ujerumani, wote katika majira ya joto ya mwaka 1940, wote waliandika viza za kupitia mpaka mkono ukachoka, wote walikatazwa na makao makuu, na wote waliipoteza kazi. Ukiwachunguza kwa karibu wanaachana.

Sugihara alikuwa makamu wa balozi mdogo mjini Kaunas, Lithuania. Juni 1940 Wasovieti waliitwaa nchi hiyo na kuziamuru ofisi za kibalozi zifungwe. Mjini walikuwapo maelfu ya Wayahudi waliokimbia Poland. Njia ya magharibi ilikuwa Ujerumani. Iliyobaki ni mashariki: treni kuvuka Siberia hadi Vladivostok, meli hadi bandari ya Tsuruga, Japani, kisha popote. Kwa hilo "popote" Japani ilikuwa na masharti. Viza ya kupitia inampa mtu siku chache tu, kwa hiyo lazima aonyeshe anakoelekea na fedha za safari.

Anakoelekea kulipatikana kwa Mholanzi, Jan Zwartendijk, na nakusihi usimsimulie Sugihara bila yeye. Zwartendijk alikuwa mfanyabiashara, meneja wa kampuni ya Philips, aliyepewa ukonseli wa heshima wiki chache tu kabla. Balozi wa Uholanzi mjini Riga, L. P. J. de Decker, alikuwa ameombwa na mwanamke mmoja mzaliwa wa Uholanzi ampe viza ya makoloni ya Uholanzi katika Amerika. Alimjibu kwa kanuni: kuingia Curaçao au Suriname hakuhitaji viza, ila kibali cha kushuka hutolewa na gavana. Magavana hawakuwa wakitoa kibali hicho. Mwanamke yule akaomba balozi aandike nusu ya kwanza tu. Balozi akaandika. Zwartendijk akainakili nusu hiyo ya sentensi kwenye karatasi zaidi ya 2,000 kwa siku chache, kuanzia mwisho wa Julai hadi Agosti 3.

Wakiwa na nusu ya sentensi, watu walikwenda kwa Sugihara. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliomba ruhusa Tokyo mara tatu na kukataliwa mara tatu, kwa kuwa wengi hawakutimiza masharti. Aliandika viza kwa mkono, kwa mwandiko wa Kijapani usio na haraka, hata baada ya kuhamia hotelini ofisi ilipofungwa, na akaendelea kusaini kwenye stesheni treni yake ikisubiri kuondoka mapema Septemba. Waliofika Japani walipokewa na jumuiya ndogo ya Wayahudi ya Kobe. Ambao hawakupata pa kwenda walihamishiwa Shanghai mwaka 1941. Miongoni mwa walioponea njia hiyo ni karibu chuo kizima cha kidini cha Mir.

Sasa hamia Bordeaux. Sousa Mendes alikuwa balozi mdogo mkuu wa Ureno, mtu wa ukoo mkubwa, Mkatoliki, baba wa watoto 14. Novemba 1939 wizara yake chini ya Salazar, mtawala wa kidikteta wa Ureno, ilikuwa imetoa Waraka namba 14, uliokataza kuwapa viza, bila idhini ya Lisbon, watu wasio na uraia na Wayahudi waliofukuzwa makwao. Juni 14, 1940 Paris ikaanguka. Barabara zote za kusini zikajaa watu. Sousa Mendes alimkaribisha nyumbani rabi mmoja kutoka Poland, Chaim Kruger, na familia yake. Alimwahidi viza, rabi akakataa kuzipokea za familia yake peke yake huku wenzake wamelala barabarani. Sousa Mendes akaugua, akajifungia chumbani siku kadhaa. Alipotoka, karibu na Juni 17, alitangaza kwamba atampa viza kila anayehitaji, bila kuuliza taifa wala dini. Alifanya hivyo Bordeaux, akaenda Bayonne akaamuru ofisi ya pale ifanye vivyo hivyo, akafika hadi mpakani Hendaye. Baada ya wiki moja hivi Lisbon ilimwita nyumbani.

Tofauti yao iko hapa. Sugihara alitafuta njia ndani ya kanuni, akaona ni nyembamba, akaipanua: karatasi ya Curaçao ilikuwa kifuniko, na kila upande uliridhika kutokifunua. Sousa Mendes hakuwa na kifuniko. Alikuwa na waraka unaosema hapana, akasema ndiyo mbele ya watu. Wa kwanza anafundisha ustadi, wa pili anafundisha uasi. Mimi nikiwa na wanafunzi wa Kidato cha Tano au cha Sita, nikataka mdahalo wa kweli juu ya mtumishi wa umma na amri asiyoiamini, nachukua Sousa Mendes bila kusita. Mdahalo wenyewe huwa mkali kuliko unavyotarajia. Mwaka jana msichana mmoja alisimama upande wa Salazar, akauliza kila ofisa akiamua waraka upi aufuate, nchi itakuwaje. Hakuna aliyemjibu vizuri siku ile, na mimi sikumsaidia mtu.

Adhabu zao pia usiziweke kwenye kapu moja. Sousa Mendes alishtakiwa kinidhamu, akawekwa kando mwaka mzima kwa nusu mshahara, kisha akastaafishwa. Aliuza alivyokuwa navyo, akawa akila katika jiko la msaada la jumuiya ya Wayahudi ya Lisbon, akafariki mwaka 1954 akiwa maskini. Bunge la Ureno lilimsafisha jina mwaka 1988. Sugihara aliendelea na kazi ya ubalozi katika miji mingine ya Ulaya, akawekwa kizuizini na Wasovieti pamoja na familia, aliporudi Japani mwaka 1947 akatakiwa kujiuzulu. Aliishi kwa vibarua na kazi za biashara, miaka mingine akiwa Moscow kwa sababu alikijua Kirusi. Mmoja wa watu aliowapa viza, aliyekuwa sasa mwanadiplomasia wa Israeli, alimpata mwaka 1968. Sugihara alikuwa hai Yad Vashem ilipomtambua. Sousa Mendes alikuwa kaburini miaka 12.

Budapest: kanuni zinazovutwa kama mpira

Machi 19, 1944 Ujerumani iliivamia Hungaria, mshirika wake. Kati ya Mei 15 na Julai 9 Wayahudi wapatao 437,000 walipakiwa kwenye treni, wengi mno wakipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji. Wiki nane. Mjini Budapest waliobaki walikuwa zamu inayofuata. Karatasi ya kupitia ilikuwa haina kazi tena. Hakuna pa kupitia.

Carl Lutz alikuwa makamu wa balozi mdogo wa Uswisi mjini humo tangu mwaka 1942, akisimamia maslahi ya nchi zilizokuwa vitani na Hungaria, Uingereza ikiwemo. Palestina ilikuwa chini ya Uingereza, kwa hiyo vibali vya kuhamia Palestina vilipita mikononi mwake. Alikuwa na kete nyingine: mwaka 1939 akiwa Jaffa aliwasimamia raia wa Kijerumani waliokwamia Palestina vita vilipoanza, na Wajerumani hawakulisahau hilo. Alijadiliana akapata ruhusa ya kuwakinga watu 7,800 wenye vibali. Kisha Lutz akasema kwamba 7,800 hao si watu, ni familia. Na namba zikifika 7,800, zinaanza tena na moja.

Nipitie kando kidogo. Ujanja huu huu aliutumia Ángel Sanz Briz wa ubalozi wa Hispania katika mji ule ule: alikubaliwa watu 200, akawageuza familia 200, na akahakikisha hakuna karatasi iliyopewa namba inayozidi 200. Ninapowasimulia wanafunzi hili hucheka kwa sauti. Wote wamewahi kuona daftari la mgeni rasmi likichezewa namna hiyo. Sanz Briz alipoagizwa kuondoka mwisho wa Novemba, Mwitalia aitwaye Giorgio Perlasca, aliyepigana zamani upande wa Jenerali Franco katika vita vya ndani vya Hispania na hakuwa mwanadiplomasia hata kidogo, alitangaza kwamba balozi amesafiri kwa muda tu na kwamba ndiye aliyemwachia ofisi. Akajiita Jorge. Akaendelea kusaini. Serikali ikamwamini hadi mwisho. Kama una dakika tatu za kufungia kipindi, Perlasca hashindwi.

Turudi kwa Lutz. Nyumba 76 ziliwekwa chini ya bendera ya Uswisi. Mashuhuri kuliko zote ilikuwa Nyumba ya Vioo, Mtaa wa Vadász, kiwanda cha zamani cha vioo kilichojaa maelfu ya watu. Vijana wa Kizayuni walioishi humo walighushi barua za ulinzi za Lutz kwa wingi kuliko alizozitoa yeye. Halafu ikaja Novemba 1944. Kwenye kiwanda cha matofali cha Óbuda, walikokusanywa Wayahudi wa kupelekwa kwa miguu mpakani, Lutz na mkewe Gertrud walilazimishwa kuzipitia barua mkononi mwa watu na kuonyesha zipi za kweli na zipi za kughushi. Wangezikubali zote, Wajerumani na Wahungaria wangeacha kuiheshimu hata moja. Walizichambua. Kama kuna tukio katika habari zote hizi ambalo huwa sithubutu kulielezea haraka, ni hilo.

Na Wallenberg? Alifika Julai 9, 1944, kijana wa miaka 31, msomi wa usanifu majengo kutoka Michigan, si mwanadiplomasia wa kazi. Treni za kutoka mikoani zilikuwa zimesimamishwa siku chache hizo hizo. Alitumwa makusudi kuokoa, kwa makubaliano ya Uswidi na Bodi ya Wakimbizi wa Vita ya Marekani, akiwa na fedha nyuma yake. Alibuni pasi ya ulinzi yenye rangi ya njano na buluu na taji tatu za Uswidi, kwa kujua kwamba askari huiheshimu karatasi inayopendeza macho. Aliajiri mamia ya Wayahudi katika ofisi yake. Chama cha Msalaba wa Mishale, cha mafashisti wa Hungaria, kilipopindua serikali Oktoba 15 na kuanza kuwapiga watu risasi ukingoni mwa Danube, Wallenberg alikwenda mwenyewe stesheni na barabarani kuwatoa watu mikononi mwa walinzi. Januari 17, 1945 aliondoka na dereva wake, Vilmos Langfelder, kwenda kuonana na makamanda wa Kisovieti. Hawakurudi. Moscow ilikuja kusema alifia gerezani Lubyanka Julai 1947. Uswidi ilimtangaza rasmi kuwa amefariki mwaka 2016.

Nasema wazi: Wallenberg simchagui kuwa wa kwanza. Ushujaa wake hauna mjadala, na kutoweka kwake kunaliza. Lakini alifanya alichotumwa kufanya, tena kwa namna kubwa kuliko alivyotumwa. Swali linalowachoma vijana, la mtu aliye kazini anayeambiwa usifanye, kwake halipo. Lutz analo kwa sehemu: aliporudi Uswisi hakupewa asante bali karipio la kuvuka mipaka ya madaraka yake. Darasa likiwa limekwisha kumjua mmoja wa wale wa 1940, hapo Wallenberg anaingia vizuri, kwa kuwa wataona tofauti ya anayetumwa na anayejituma.

Rhodes, na sheria isiyokuwepo

Ülkümen nimemwacha karibu na mwisho kwa sababu idadi yake ni ndogo kuliko zote: hawakufika 50. Nadhani ndiyo sababu husahaulika, nami nadhani ndiyo sababu afundishwe.

Julai 1944 Wajerumani waliotawala Rhodes waliwakusanya Wayahudi wa kisiwa, zaidi ya 1,600, kuwapeleka Auschwitz. Ülkümen, Mwislamu wa miaka 30, alikuwa balozi mdogo wa Uturuki, nchi ambayo haikuwa vitani. Alikwenda kwa jenerali wa Kijerumani akadai raia wa Kituruki waachiwe. Hao walikuwa wachache. Ndipo akaongeza kwamba kwa sheria ya Uturuki, mume au mke wa raia ni raia, na watoto pia. Sheria hiyo haikuwepo. Aliitunga pale pale. Akawataja mmoja mmoja, wakaachiwa mmoja mmoja. Waliobaki walipakiwa mashua, na wengi wao hawakurudi. Siku chache baadaye Uturuki ilivunja uhusiano na Ujerumani. Ndege za Kijerumani zikaipiga nyumba ya ubalozi. Mkewe, mja mzito, alijeruhiwa, na baada ya kujifungua mtoto wa kiume akafariki.

Watu chini ya 50 unaweza kuwahesabu darasani. Simamisha wanafunzi. Katika shule zetu darasa moja linatosha na kubaki. Na katika madarasa ya pwani, ambako mwanafunzi anaweza kuuliza kama katika waokoaji hawa kuna Mwislamu hata mmoja, jibu hilo hapo.

Basi umchukue nani?

Kwa Kidato cha Pili, Sugihara pamoja na Zwartendijk. Kuna ramani ndefu, treni, meli, na wanafunzi wa umri huo hupenda kufuata safari kwa kidole. Kwa Kidato cha Tano na cha Sita, Sousa Mendes, kwa ajili ya mdahalo. Ukiwa na dabo, mpe Lutz kipindi cha pili, usimharakishe kwenye kiwanda cha matofali. Klabu ya shule au kikundi cha vijana cha msikitini au kanisani, chenye nusu saa tu, Ülkümen anatosha. Ho na Perlasca ni wa kufungulia na kufungia. Wallenberg mwekee mwaka wa pili.

Mwalimu wa Kigali atachagua kwa njia nyingine, naelewa. Oktoba 1938 Ujerumani ilianza kupiga herufi J nyekundu kwenye pasipoti za Wayahudi, na kwa darasa la Rwanda, ambako wazee wanakumbuka kitambulisho kilichoandikwa kabila kilifanya nini vizuizini mwaka 1994, kipindi chote kinaweza kuanzia kwenye herufi hiyo moja kabla ya kumfikia mwanadiplomasia yeyote.

Ukimchukua Sugihara, nakupa zoezi ninalolifungulia mimi. Andika ubaoni kwa herufi kubwa, bila maelezo: "Kuingia Curaçao hakuhitaji viza, kibali cha kushuka hutolewa na gavana." Waambie gavana hatoi. Waambie foleni nje ina watu 200, na ofisi inafungwa baada ya wiki chache. Mpe mmoja dasta, kaa kimya, uone atafuta wapi.